Sikio na Mkono

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, mna habari za kiziwi mmoja katika nchi ya Dekapoli. Masikio yake yalikuwa yamezibika, na ulimi wake ulikuwa mzito wa kusema. Watu walimpeleka kwa Bwana Yesu, wakamwomba amwekee mkono. Bwana akamchukua kando, mbali na makutano. Akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi kwa mate, akainua macho mbinguni, kisha akatamka neno moja la lugha ya kwao: Efata, yaani, funguka. Mara yule mtu akasikia, akasema vizuri.

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini Bwana alitumia vidole? Mtumishi wa akida wa Kapernaumu aliponywa kwa neno tu, hali mgonjwa alikuwa mbali, amelala nyumbani. Neno la Mungu halipungukiwi nguvu. Lakini huyu alikuwa kiziwi. Kama Bwana angalisema tu, maskini huyo asingalijua hata kwamba anasemeshwa. Kwa hiyo Bwana alianza kusema naye kwa mlango ule ambao haukufungwa, yaani kwa ngozi ya mwili wake. Mkono ulitangulia kama mjumbe, neno likafuata kama mfalme.

Jambo hilo lawahusu wakatekumeni wote. Siku ya kupokelewa kwao walitiwa alama ya msalaba kwenye paji la uso, na tena kwenye masikio, huku wakiombewa waisikie sauti ya Bwana. Tena, katika ibada za Jumamosi Kuu zinazowaandaa kwa Ubatizo, imo ile ambayo padre huwagusa masikio na mdomo, akilitamka neno lile lile, Efata. Kanisa halifanyi hivyo kwa mapambo. Yafaa kila mkatekumeni ajue kwa nini aguswa na kwa nini aambiwa, na jinsi Mungu alivyoviunganisha vitu hivi viwili.

Milango miwili ya nyumba moja

Mungu alimwumba mtu mwenye roho na mwili. Roho hupata habari za dunia kwa kupitia milango ya mwili. Watu wengi hudhani kwamba kila mlango una kazi yake peke yake: sikio lisikie, ngozi iguse, basi. Sivyo ilivyo. Sikio na ngozi ni kama ndugu wawili walalao nyumba moja. Mmoja akiitwa, wa pili naye huamka.

Sauti ni nini? Ni mtetemo. Mpiga ngoma apigapo, ngozi ya ngoma hutetemeka, nayo huitetemesha hewa; mtetemo huo huingia sikioni na kukipiga kiwambo chake, ambacho ni kama ngoma ndogo. Lakini mtu aliyeweka kiganja juu ya ngoma hupokea mtetemo ule ule kwa mkono. Sikio la kijana mwenye afya hupokea mitetemo kuanzia kama 20 kwa sekunde mpaka kama 20,000. Ngozi haifiki mbali hivyo. Huishia karibu na 1,000, nayo huhisi vema zaidi mitetemo ya 200 hadi 300 kwa sekunde. Ndiyo sababu ndege mdogo aliapo husikika sikioni tu, bali ngoma kubwa husikika sikioni na kifuani pia.

Wakazi wa vijiji vilivyo karibu na mashimo makubwa ya shaba ya Kolwezi wanalijua jambo hili bila kulisoma kitabuni. Baruti zinapolipuliwa, kwanza nyayo huhisi ardhi ikitikisika, ndipo sikio lisikiapo mshindo. Mlipuko ni mmoja, njia ni mbili. Katika hewa sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde; katika mwamba mgumu mtetemo huenda upesi zaidi ya mara kumi. Mtu aliye mbali kwa kilomita moja husikia mshindo baada ya sekunde tatu hivi, hali miguu yake imekwisha kupata habari. Lakini hakuna asemaye kwamba baruti zimelipuliwa mara mbili. Akili huzikusanya habari za miguu na habari za masikio, ikazifanya kuwa habari moja.

Mama anunuaye chungu sokoni naye hufanya vivyo hivyo. Hukishika kwa mkono mmoja, akakigonga kwa kidole cha mkono wa pili, akatega sikio. Chungu kizima hulia vizuri na kutetemeka mkononi. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Huenda macho yasingeuona ufa ule. Sikio na mkono, vikiulizwa pamoja, vimeujua.

Mchimbaji na mwamba

Katika nchi ya Lualaba kuna watu ambao uhai wao wategemea ushirika huu wa sikio na mkono. Nchi hii imejulikana kwa shaba tangu kale. Wahenga waliiyeyusha, wakaimimina iwe misalaba iliyotumika kama fedha. Mji wa Kolwezi ulijengwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya migodi ya Union Minière. Mwaka 1967 migodi hiyo ikawa mali ya serikali. Na tangu mwaka 2015 Kolwezi ni mji mkuu wa Mkoa wa Lualaba. Leo shaba na kobalti ya nchi hii huenda pande zote za dunia, na pamoja na mashine kubwa wako watu maelfu kwa maelfu wachimbao kwa mikono yao wenyewe.

Mchimbaji wa chini ya ardhi anao ujuzi mmoja wa zamani, ujulikanao migodini duniani kote. Kabla ya kuanza kazi mahali, hutwaa mtaimbo, akaugonga mwamba ulio juu ya kichwa chake. Mwamba ulioshikamana hujibu kwa sauti kali na safi, kama kengele. Mwamba uliolegea, ambao kwa ndani umekwisha kuachana na wenzake, hujibu kwa sauti nzito na tupu, kama ngoma. Lakini wazee wa kazi hawatosheki na sikio. Mkono mmoja hugonga, wa pili huwekwa juu ya mwamba, na vidole huvizia kama jiwe latetemeka. Maana yaweza kutokea kwamba kipande kilicholegea ni kinene sana, kikatoa sauti kama ya mwamba mzima. Sikio likadanganyika, lakini vidole vikahisi. Mchimbaji mwenye busara hupita tu pale ambapo mashahidi wote wawili wamekubali.

Hatari hii si hadithi. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Tangu mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, watu waligundua kobalti chini ya nyua zao, wakachimba hata chini ya nyumba zao. Mwezi wa Juni 2019, karibu na Kolwezi, ukuta wa shimo ulianguka, ukawaua wachimbaji zaidi ya 40. Wengine waliofia mashimoni hawakuandikwa popote. Majina yao yanajulikana kwa mama zao na kwa Mungu.

Basi, na wafikiriwe wachimbaji wawili walio shimoni. Mwamba umegongwa, umelia kama ngoma. Mmoja asema watoke. Wa pili auona mshipa wa madini umenenepa mbele yake. Mnunuzi angoja juu. Karo ya mtoto haijalipwa. Auweka mkono juu ya mwamba, ajiambia kwamba ni imara. Mkono huo haukuuliza neno. Ulitaka tu kujibiwa ndiyo. Wahenga walisema, sikio la kufa halisikii dawa. Mtu huyu si kiziwi. Amesikia, lakini tamaa na shida zimemziba.

Amri ya Tano ya Mungu yakataza kuua. Amri hiyo yamfunga mtu asiuchezee uhai wake mwenyewe. Yamfunga pia mwenye shimo, asiwapeleke vijana chini ya mwamba uliokwisha kuonya. Yamfunga na yule aliyesikia sauti mbaya akanyamaza mbele ya wenzake ili siku yake isipotee. Karo ya mtoto ni jambo kubwa, na njaa nyumbani ni jambo kubwa, Mungu ayaona. Lakini mtoto ahitaji baba kuliko karo, na wenye kanisa katika kijiji wana wajibu wa kumsaidia ndugu yao aliyeacha shimo baya kwa kuitii sauti ya kweli, asije akajuta kwamba alitii.

Neno lishikwalo mkononi

Sikio na mkono havikupewa watu ili kuepa hatari tu. Vimepewa pia ili neno jema lisipotee. Waluba, ambao wengi wao walikuja kufanya kazi katika migodi ya Katanga, walikuwa na kitu kiitwacho lukasa. Ni ubao mdogo wa kushikwa mkononi, wenye shanga, kauri au alama za kuchongwa. Wazee wa chama cha Mbudye, waliofundishwa kuzitunza habari za wafalme, waliushika kwa mkono wa kushoto, wakaipitisha ncha ya kidole cha kuume juu ya shanga, wakasimulia. Kidole kiligusa, kinywa kikasema, masikio ya watu yakasikia. Na hivyo habari za ufalme zilidumu pasipo kuandikwa kwa herufi. Neno lililosikiwa tu huweza kuruka kama ndege. Neno lililofungwa mkononi hukaa.

Kanisa nalo laijua hekima hiyo. Mkristu asalipo rozari, vidole vyake huhesabu shanga, masikio yake husikia Salamu Maria, na moyo wake huyatafakari mafumbo ya maisha ya Bwana. Mzee asiyejua kusoma anayo Injili mkononi mwake. Lakini ashikaye rozari bila kusali wala kutafakari ameshika shanga tu.

Sikio na mkono vikipingana

Je, sikio na mkono husema kweli siku zote? Hapana. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 27, chasimulia habari za Isaka alipokuwa mzee, macho yake yamepofuka. Esau, mwanawe wa kwanza, alikuwa mtu mwenye nywele nyingi mwilini. Yakobo, mdogo wake, alikuwa laini. Yakobo akitaka kuipata baraka ya kaka yake, mama yake Rebeka alimvika ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Isaka aliisikia sauti, akaona kwamba ni ya Yakobo. Akaipapasa mikono, akaona kwamba ni ya Esau. Sikio lilisema hili, mkono ukasema lile. Mzee akausadiki mkono, akadanganyika. Sikio lake lilikuwa limemwambia kweli.

Mara nyingine sikio ndilo liudanganyalo mkono. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Finland, Jousmäki na Hari, waliandika habari za jaribio la ajabu. Mtu alisugua viganja vyake, na mashine ikampelekea masikioni sauti ya kusugua huko. Wataalamu walipoikuza ile sehemu ya sauti iliyo nyembamba na kali, mtu alihisi kwamba ngozi yake imekuwa kavu kama karatasi. Viganja vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni sauti tu. Mwaka 2009 wataalamu wengine, Gick na Derrick, walionyesha kinyume chake huko Kanada: pumzi ndogo ya hewa ikipulizwa juu ya mkono au shingo ya msikilizaji, silabi ba huelekea kusikika kama pa. Yaani sikio huugeuza mkono, na ngozi huligeuza sikio.

Hayo yafundisha unyenyekevu. Mtu asijivune akisema, nimesikia mwenyewe, nimegusa mwenyewe. Milango ya mwili ni watumishi wazuri wa Mungu Muumba, lakini ni watumishi. Nao waweza kupatana katika kweli, na waweza pia kupatana katika uongo.

Ni nani asemaye?

Huu ndio uongo ambao vijana wengi wauziwa. Mtu huja na kumwambia mchimbaji kwamba akiifunga hirizi kiunoni, mwamba hautamwangukia. Sikio limesikia ahadi. Mkono waigusa hirizi, wauona uzito wake. Mara kijana ahisi nguvu mwilini, hofu yamtoka. Sikio na mkono vimepatana. Lakini aliyesema hana amri juu ya mwamba. Kisha kijana, kwa kuwa haogopi tena, huacha kugonga mwamba kwa mtaimbo. Hivyo ndivyo hirizi iuavyo.

Hatari ya namna hiyo yamngoja hata mkristu. Akiuvaa msalaba kama hirizi, au akijinyunyizia maji ya baraka ili ashuke pasipo kuukagua mwamba, amemgeuza Mungu kuwa mganga. Msalaba ni ukumbusho wa upendo wa Kristu na wa ahadi za mtu mwenyewe. Hauchukui nafasi ya mtaimbo, wala ya akili aliyopewa mtu na Mungu.

Basi swali kuu si kama sikio na mkono vimepatana. Swali kuu ni hili: Ni nani asemaye? Katika Injili ya Marko, sura ya 5, yuko mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Alikuwa amesikia habari za Yesu, na kwa sababu alisikia, alikuja kwa nyuma akaligusa vazi lake, akapona. Siku hiyo watu wengi walimsonga Bwana na kumgusa, lakini Injili haisemi kwamba mmoja wao alipata kitu. Wote waligusa, huyu aligusa kwa imani, na imani hiyo ilianzia sikioni. Tena Bwana hakumwacha aondoke na kuguswa kwa nguo tu. Alisimama, akamtafuta, akamwambia kwamba imani yake ndiyo iliyomponya. Alimpa neno, asije akadhani kwamba dawa ilikuwa ndani ya kitambaa.

Kwa hekima hiyo Kristu ameziweka sakramenti. Mtakatifu Agustino alifundisha kwamba neno linapounganika na kitu, hapo ndipo pana sakramenti. Katika Ubatizo maji huigusa ngozi na maneno huingia sikioni kwa wakati mmoja. Maji bila neno ni kuoga tu. Katika Kipaimara askofu humpaka mtu krisma katika paji la uso na kutamka maneno. Katika Ndoa bwana na bibi hushikana mikono ya kuume na kutamkiana ahadi. Mgonjwa hupakwa mafuta penye paji la uso na mikononi, naye husikia sala ya Kanisa. Mungu, aliyeliumba sikio na mkono viwe ndugu, huwajia watu kwa vyote viwili.

Katika Ekaristi Takatifu imani hujaribiwa zaidi. Mkono na ulimi hukuta umbo la mkate. Sikio husikia neno la Kristu kwamba huo ni mwili wake. Hali ya Isaka imerudi: sikio lasema hili, mkono wasema lile. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba Mwili wa Kristu katika sakramenti hii haujulikani kwa milango ya mwili, bali kwa imani ikaayo juu ya neno la Mungu. Isaka aliuacha ushahidi wa sikio akaufuata mkono. Mkristu hulifuata sikio, kwa kuwa amjua asemaye.

Wasiosikia

Mtume Paulo aliwafundisha Warumi, katika sura ya 10, kwamba imani huja kwa kusikia. Je, kiziwi amefungiwa mlango? Katika nyumba nyingine mtoto kiziwi huachwa alinde kuku, ndugu zake waendapo kwenye mafundisho ya dini. Hudhaniwa kwamba hana akili, au kwamba Mungu hana neno naye. Hilo ni kosa kubwa.

Huko Marekani alizaliwa mwaka 1880 mtoto mmoja, Helen Keller. Alipokuwa na miezi 19 aliugua, akapoteza macho na masikio pamoja. Mwaka 1887 alipata mwalimu, Anne Sullivan. Siku moja mwalimu alimwekea mkono mmoja chini ya maji ya bomba, na katika kiganja cha mkono wa pili akamwandikia kwa vidole herufi za neno maji. Ghafla mtoto akafahamu kwamba kitu kile kina jina, na kwamba kila kitu kina jina. Baadaye alijifunza kufahamu maneno ya watu kwa kuweka vidole juu ya midomo na koo zao, akihisi mitetemo. Mwaka 1904 alihitimu chuo kikuu. Neno lilikuwa limempata kwa njia ya mkono.

Kwa hiyo katekista mwenye kiziwi kijijini asiseme kwamba hana la kufanya. Na aushike mkono wake, amfundishe kuchora msalaba. Na amfundishe kwa ishara na kwa picha. Na amwache aweke kiganja juu ya ngoma wakati wa Misa, aihisi sifa ya Mungu mwilini mwake. Kusikia alikokusema Paulo ni kulipokea neno moyoni. Na Bwana Yesu amekwisha kuonyesha, kwa vidole vyake mwenyewe, njia ya kufika huko.

Mkono wa mwenye kusikia

Limebaki jambo moja. Mkatekumeni akisikia mafundisho kila juma, naye mikono yake haifanyi neno, masikio yake yamefunguka bure. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 2 ya barua yake, awalaumu wale wamwambiao ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende akaote moto na kushiba, wasimpe kitu. Debe tupu haliachi kuvuma. Mjane wa mchimbaji aliyefia shimoni husikia pole nyingi siku ya maziko. Pole ni neno jema. Lakini mwezi wa pili, paa likivuja na shamba likiwa halijalimwa, ahitaji kusikia sauti ya jembe la jirani.

Bwana alipomponya mwenye ukoma, katika sura ya 1 ya Marko, alinyosha mkono akamgusa kwanza, kisha akasema. Watu wote walikuwa wakimkimbia mtu yule. Kwa kuguswa kule alijua, kabla ya kupona, kwamba yuko ampendaye. Usiku wa Pasaka, maji yatakapougusa mwili wa mkatekumeni na neno litakapoingia sikioni mwake, ajue kwamba mikono yake nayo inapewa kazi hiyo hiyo.

Maswali na majibu ya kujifunza

Swali: Kwa nini Bwana Yesu alimtia yule kiziwi vidole masikioni?
Jibu: Kwa sababu hakuweza kusikia neno, Bwana alisema naye kwanza kwa kumgusa, kisha akamfungua kwa neno lake.

Swali: Je, sikio na mkono vikipatana, ni kweli siku zote?
Jibu: Hapana. Vyaweza kupatana katika uongo, kama katika hirizi. Yapasa kuuliza ni nani asemaye.

Swali: Katika Ekaristi mkristu husadiki nini?
Jibu: Husadiki neno la Kristu, ingawa mkono na ulimi hukuta umbo la mkate.

Swali: Aliyesikia onyo la mwamba ana wajibu gani?
Jibu: Atoke, awaonye wenzake, wala asikubali fedha zimzibe masikio.

Swali: Kiziwi aweza kuwa mkristu?
Jibu: Ndiyo. Mungu huwa na njia ya kumfikia, na Kanisa lina wajibu wa kumfundisha.